Zimwi Lilikuwa la Rangi Gani

Saa saba na dakika kumi mchana, siku ya Jumanne, binti yangu wa mwisho aliingia dukani kwangu akiwa amejipaka poda uso mzima, shingo, masikio, na mikono hadi kwenye viwiko. Saa ninaijua kwa hakika kwa sababu nilikuwa naitazama. Nilimwahidi mteja suruali yake saa saba kamili, na nilikuwa nimechelewa dakika kumi.

Binti alikuwa na miaka sita. Alisimama kati ya meza ya kukatia na cherehani, akanyoosha mikono kama mtu anayesubiri kupimwa koti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeangukia kwenye unga?"

"Hapana. Nimekuwa mweupe."

"Nani kakwambia uwe mweupe?"

"Hakuna. Ni ili nisiwe zimwi."

Yule mteja, dereva wa lori aliyeegesha gari lake kando ya barabara kuu, alicheka mpaka akashika mlango. "Fundi, mwanao ameshakuwa mzungu. Nipe suruali yangu haraka kabla hajaniomba pasipoti."

Na mimi nilicheka. Naliandika hilo kwa kuwa nimejiwekea sharti la kuandika yaliyotokea, pamoja na yale yasiyonipendeza. Kisha nikamtazama mtoto kwa makini zaidi. Poda ilikuwa imeganda katika mistari miwili chini ya macho, jambo ambalo lingewezekana kwa njia moja tu: alilia kwanza, akajipaka baadaye.

Mimi ni fundi cherehani katika mji wa Same. Nilimaliza darasa la saba kijijini kwetu Mamba, katika milima ya Upare Kusini, na yote niliyojua baada ya hapo nimeyapata kwenye vitabu nilivyonunua kimoja kimoja na kuvisoma kila siku kabla ya kufungua duka. Watu wa mtaa wanajua kwamba ninapenda kusoma, ndiyo maana mwalimu wa chekechea anakosoma binti yangu aliniomba niwe nakwenda kila Ijumaa saa nne asubuhi kuwasimulia watoto hadithi. Nilikubali kwa furaha. Ninalo daftari la hadithi za marehemu bibi yangu, aliyenisimulia kwa Chasu, lugha yetu Wapare, nikiwa mdogo, nami nikazitafsiri kwa Kiswahili. Nilijisifu kwa watu kwamba sikubadili neno.

Wakati huo mahafali ya chekechea yalikuwa yamebaki wiki tano. Mwalimu alikuwa ameamua kwamba watoto wataigiza mojawapo ya hadithi hizo mbele ya wazazi: ile ya zimwi linaloiba bibi harusi. Aliniletea oda ya nguo ya zimwi, suruali na joho, kwa mtoto wa miaka sita. Nilinunua mita mbili na nusu za satini nyeusi. Kwa kuwa mtoto wa miaka sita niliye naye nyumbani ni mmoja, nilimsimamisha yeye juu ya kigoda nikampima mabega, kiuno na urefu wa mguu. Alisimama kimya kabisa. Nilimsifu kwa utulivu wake. Vipimo vilikuwa sahihi hadi nusu inchi, na sikuona kitu.

"Nani alikuchagua uwe zimwi?" nilimuuliza baada ya dereva kuondoka.

"Wote. Mwalimu aliuliza nani awe zimwi, wote wakaninyooshea kidole."

"Kwa nini wewe?"

Alinitazama kama ninavyomtazama mteja anayeuliza kama suti itakuwa tayari leo. "Si wewe ulisema zimwi lilikuwa jeusi tii kama mkaa? Mimi ndiye mweusi kuliko wote. Sasa wananiita Zimwi hata wakati wa uji. Wanasema, Zimwi, kaa mwisho."

"Na wewe unakaa mwisho?"

"Ndiyo." Alijikuna shingoni. "Bila poda siendi mahafali."

Kopo la poda lilikuwa jipya. Mke wangu alilinunua kumpelekea jirani aliyejifungua. Lilikuwa limepungua robo. Nilichota maji kwenye ndoo, nikamnawisha mtoto nyuma ya duka, na alinawa bila ubishi kwa sababu, alivyosema, kesho angepaka nyingine.

Siku hiyo sikushona tena. Nilitoa daftari nikachora mstari katikati ya karatasi: upande mmoja wabaya, upande mwingine warembo. Nilipitia hadithi zote, ishirini na sita. Katika hadithi kumi na nne, mbaya ametajwa rangi, na katika zote kumi na nne ni mweusi. Mabibi harusi ni tisa: saba weupe, wawili wa rangi ya maji ya kunde. Msichana mrembo mweusi hayumo. Nilirudia kuhesabu nikidhani nimeruka ukurasa. Sikuwa nimeruka.

Kilichonishangaza ni kwamba bibi yangu mwenyewe alikuwa mweusi kuliko binti yangu. Binti ameirithi rangi ile kwake, imepita juu ya kichwa cha baba yangu na changu bila kutugusa. Alikuwa akikaa jikoni kwenye moshi, analitaja zimwi jeusi, na sisi wajukuu tunapiga kelele za hofu huku tumeegemea magoti yake. Hakuna aliyewahi kuunganisha mambo hayo mawili. Labda yeye aliyaunganisha akanyamaza. Sina njia ya kumuuliza.

Nilikumbuka pia jambo ambalo nilikuwa nimeliweka mbali. Nikiwa kijana nilifanya kazi katika jiji moja, katika karakana iliyoshona sare za hoteli ya watalii. Siku ya kupima, meneja aliwapanga wasichana mstari mmoja, akapita akiwagusa mabega. Weupe wakaenda kupimwa sketi za mapokezi. Weusi wakaenda kupimwa maaproni ya dobi. Mmoja wa wale wa dobi alizungumza Kiingereza kizuri kuliko meneja. Nilimpima aproni. Ilimkaa vizuri, na niliondoka nikiwa nimeridhika na kazi yangu. Mtu akipangwa nyuma tangu wakati wa uji wa chekechea, nilifikiri sasa, hatashangaa akipangwa nyuma siku ya sare.

Kwa hiyo niliamua kurekebisha. Nilifanya kama ninavyofanya nguo inapokosewa: tafuta mshono wenye kosa, fumua hapo tu, shona upya. Mshono wenye kosa ulikuwa neno moja.

Ijumaa nilifika chekechea saa nne kasoro dakika tano. Watoto walikuwa ishirini na wawili, wamekaa juu ya mkeka. Binti yangu alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Alikuwa amekubali kuja bila poda kwa sharti kwamba mahafali tutayazungumza baadaye.

"Palikuwa na zimwi kubwa," nilianza, "jeupe."

Vichwa vyote viligeuka mara moja kumtazama mtoto wa kiume aliyekaa mstari wa mbele, ambaye ana ualbino na hukaa mbele ili aone ubao. Alikuwa amepakata kofia yake pana. Hakuonyesha kustuka.

"Mimi sili watu," alisema. "Nakula maandazi."

"Na chipsi," mwenzake alimtetea.

"Chipsi siku za Jumapili."

"Nimekosea," nilisema. "Zimwi lilikuwa jekundu."

Mtoto wa kike ambaye kwao ni Wamasai wa kule tambarare alinyoosha mkono. "Kama shuka la bibi yangu?"

"Hapana, si kama shuka la bibi."

"Mbona nyekundu ni nyekundu? Bibi yangu ana mbuzi tu. Hajaiba bibi harusi."

"Najua hajaiba. Basi lilikuwa la kijani."

Watoto ishirini na wawili walijitazama vifuani. Sare ya chekechea hiyo ni ya kijani. Niliishona mimi.

Ndani ya dakika nne nilikuwa nimemaliza rangi. Nilibaki nimesimama na daftari langu mkononi, mpaka mtoto mmoja mwenye pengo akaniokoa. "Fundi, kwani hilo zimwi lilikuwa linaoga?"

"Sijui. Sidhani."

"Basi hatujui rangi yake."

Darasa zima lilikubaliana na hoja hiyo, wakacheka, na mwalimu akacheka hadi akafuta macho. Binti yangu hakucheka. Nilimtazama hasa yeye, maana ndiye niliyekuwa nampima. Wakati wa kutoka kwenda kunywa uji mmoja alimwambia, "Zimwi, hujaoga," naye akaenda mwisho wa mstari bila kuambiwa.

Nilibaki na mwalimu. Yeye ni Mchaga, kijana wa miaka thelathini na kidogo, na tangu siku ya kwanza tunataniana kama ilivyo desturi ya Wapare na Wachaga.

"Fundi," alisema, "ninyi Wapare kwa kupenda kesi! Leo mmeshtaki mpaka rangi."

"Afadhali sisi tunaishtaki. Ninyi mngeiuza."

"Kwa jumla au rejareja?"

"Kwa yote mawili, na risiti hamtoi."

Alicheka, kisha nikamwambia habari ya poda na ya uji. Uso wake ulibadilika. "Mimi niliuliza tu nani awe zimwi," alisema. "Mikono yote ikamwelekea yeye. Nikaona ni kura. Nikaona hata ni vizuri, mtoto wa fundi, nguo itapatikana kwa urahisi."

"Nguo ilipatikana."

"Sasa tufanyeje? Watoto wa miaka mitano utawaeleza nini kuhusu ubaguzi wa rangi? Hata neno lenyewe hawawezi kulitamka."

"Kulitamka bado. Kuutenda wameshaanza, na somo nimewapa mimi."

Aliniambia tu kwamba zimebaki wiki nne na siku moja, na kwamba hadithi ya zimwi ameifuta.

Nilimshika binti mkono tukarudi kupitia mtaa wa bomba. Kulikuwa na upepo wa Same, ule wa vumbi unaomlazimisha mtu kuongea akiwa amefumba jicho moja. Tukiwa njiani akasema:

"Baba, mwalimu alikusema wewe Mpare unapenda kesi. Nilisikia dirishani."

"Ndiyo."

"Na ukacheka."

"Ndiyo. Yeye ni mtani wangu."

"Mtani ni nini?"

Nilijaribu kuwa sahihi. "Ni mtu ambaye anaruhusiwa kukusema, na wewe unaruhusiwa kumsema. Wapare na Wachaga wamekubaliana hivyo tangu zamani. Anasema yeye, halafu nasema mimi."

"Kwa zamu?"

"Kwa zamu."

Tulikuwa tumefika kwenye bomba. Maji hayakuwa yanatoka, lakini madumu yalikuwa yamepangwa foleni, ya njano na ya bluu, kama arobaini hivi, kila moja likishika nafasi ya mwenyewe aliyekwenda kufanya shughuli nyingine. Hakuna mtu aliyekuwa akiyalinda. Same nzima inajua kwamba dumu la mtu halirukwi.

Binti aliyatazama yale madumu. "Mimi hawanipi zamu," alisema.

Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu ubaguzi wa rangi, vya watu wa nchi mbalimbali, na vingine nilivisoma mara mbili. Hakuna kilichonipa maelezo ninayoweza kuyatumia juu ya mkeka wa chekechea. Maneno yake haya ya zamu niliweza kuyatumia.

Niliandika hadithi mpya kwa siku tisa. Sikuwa nimewahi kutunga chochote, na kazi hiyo ni ngumu kuliko kushona kola ya koti. Nilimsomea mke wangu rasimu ya kwanza huku anachambua mchele wa Ndungu kwenye ungo.

"Ni ndefu," alisema. "Na huyo mlinzi anaongea kama mwenyekiti wa kikao cha harusi."

"Anatakiwa awe mkali."

"Mkali hasemi 'ndugu wananchi'. Mkali anapiga filimbi."

Niliweka filimbi. Rasimu ya pili aliipitisha akiwa na marekebisho mawili, na ya tatu aliisikiliza bila kuinua kichwa, jambo ambalo kwake ni sifa kubwa.

Ijumaa ya pili baada ya ile ya rangi, nilikaa mbele ya mkeka nikawaomba watoto wafumbe macho, wafikirie mlima. Niliwaambia kwamba kule juu kuna ndiva. Wengi walishaiona kwa bibi zao: bwawa dogo lililozibwa kwa mawe na udongo, linalokusanya maji ya kijito mpaka lijae, kisha linafunguliwa, maji yanaingia kwenye mfereji, shamba baada ya shamba. Leo zamu ya huyu, kesho zamu ya yule. Nilitaja mashamba: la tangawizi, la maharage, la migomba.

"Siku moja akaja mlinzi mpya wa ndiva," nilisema. "Ana filimbi. Akapiga: piii! Akasema, kuanzia leo, watu wote weusi sana watangoja mpaka wengine wamalize. Wengine wakimaliza, maji yameisha. Msichana mmoja wa kijiji hicho alikuwa mweusi, na shamba la mama yake lilikuwa la maharage. Siku ya kwanza hawakupata zamu. Siku ya pili hawakupata. Siku ya tatu majani ya maharage yakaanza kuinama."

Nilinuia kuendelea, lakini hawakuniacha.

"Hiyo siyo haki!" alisema mwenye pengo. "Dumu lake limerukwa!"

"Wamwagie mlinzi maji!"

"Wampeleke polisi!"

"Mahakamani!" mmoja alipiga kelele, na nilimwona mwalimu akiziba mdomo kwa kiganja. "Mpare huyo," alininong'oneza.

"Alisema kwa nini?" aliuliza yule wa Kimasai. "Mlinzi alisema kwa nini weusi wangoje?"

"Hakusema."

"Lazima aseme."

"Mngemwuliza nini?"

Walifikiri. Mtoto mwenye ualbino alisema, "Ningemwuliza, maharage yanajuaje?"

Ndipo msichana mmoja, mpole na mwenye nia njema kabisa, akatoa suluhisho lake. "Yule msichana ajipake unga. Mlinzi atadhani ni mweupe, atampa maji."

Watoto kadhaa walisema ndiyo, ajipake unga. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, na hilo halikuwemo. Kisha sauti ilitoka nyuma karibu na mlango.

"Mimi nilijipaka poda."

Wote waligeuka. Binti yangu alikuwa amesimama.

"Inawasha," alisema. "Na ukinawa inatoka. Na mama yake je? Na shangazi yake? Kopo moja halitoshi watu wote."

"Ulijipaka kwa nini?" aliuliza mwenye pengo.

"Kwa sababu mnaniita Zimwi na mnaniambia nikae mwisho wakati wa uji. Nimekaa mwisho siku nyingi. Uji wa mwisho una makapi."

Nje mpishi alikuwa akigonga sufuria. Mwenye pengo alijiangalia vidole vya miguu. Baadaye alisema, si kwa binti yangu bali kwa mkeka, "Mimi siku moja nilikaa mwisho. Kweli una makapi."

Niliwamalizia hadithi. Majirani waliokuwa wanapewa maji walifika mferejini asubuhi na majembe yao, na mlinzi alipopiga filimbi kuwaita, walikaa chini. Walisema hawafungui mfereji mpaka zamu irudi kama ilivyokuwa. Ndiva ikajaa, maji yakaanza kumwagika ukingoni, na shamba la kwanza chini ya ukingo lilikuwa la mlinzi mwenyewe.

"Mimi nisingekaa," alisema msichana yule wa unga kwa unyofu. "Maharage yangu yangekauka."

"Ungekaa siku moja?" nilimuuliza.

Alipiga hesabu. "Siku moja ndiyo. Siku mbili hapana."

Sikumsahihisha. Nawajua watu wazima wasiofika hata siku moja, na mmoja wao aliwahi kupima aproni.

Mwalimu aliamua hadithi hiyo ndiyo iigizwe, na safari hii hakuuliza nani awe nani kwa kunyoosheana vidole. Kila mtoto alisimama akasema anachotaka mwenyewe. Kumi na watano walitaka kuwa majirani. Wanne walitaka kuwa maji. Mtoto mwenye ualbino alitaka kuwa tangawizi, na hakueleza sababu. Msichana wa shamba la maharage alipatikana: yule mpole wa unga, ambaye alitaka kulia jukwaani. Mlinzi hakupatikana.

Kisha binti yangu akanyoosha mkono.

Nilimfuata baadaye nikamwuliza kwa upole kama ameelewa kwamba mlinzi ndiye mbaya.

"Naelewa."

"Na bado unataka?"

"Ana filimbi," alisema. "Na hukusema rangi yake."

Nilirudi dukani nikafungua daftari. Ni kweli. Katika rasimu zote tatu sikuwa nimeandika popote mlinzi alikuwa wa rangi gani, na sikuwa nimekusudia.

Nilimshonea sare ya kaki yenye mifuko miwili na vishikizo vya shaba. Lakini sikuwa na uhakika wa siku yenyewe. Kopo la poda bado lilikuwa chini ya kitanda chake. Nilikuwa nimeliona wakati natafuta sindano, na nililiacha pale. Mke wangu alisema nilichukue. Nilisema kama nikilichukua mimi, sitajua kama ameliacha yeye. Alinijibu kwamba sisi wasomaji wa vitabu tunapenda kujipa tabu, kisha akaliacha na yeye.

Asubuhi ya mahafali binti alijifungia chumbani kuvaa. Alikaa humo dakika kumi na nane. Mke wangu na mimi tulikaa sebuleni na nguo zetu za kutokea, tukitazama mlango kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Alipotoka alikuwa na kaki, filimbi shingoni, na uso aliousafisha na kuupaka mafuta mengi mpaka unang'aa. Nilitafuta poda kwenye nywele, masikioni, kwenye mikunjo ya shingo. Haikuwepo.

"Tunachelewa," alisema.

Uwanja ulikuwa umejaa viti vya plastiki. Ilipofika zamu ya hadithi yetu, maji manne yalitoka mapema, yakarudishwa. Tangawizi ilisimama imara pembeni ikiwa na kofia pana. Kisha mlinzi akatokea, akapiga filimbi ambayo nadhani ilisikika hadi stendi.

"Weusi wote, nyuma! Hamna zamu!"

Wazazi wengine walicheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe, kwa sababu aliyesema maneno hayo alikuwa mweusi kuliko wote jukwaani, na hakuwa akicheka. Mama mmoja mzee aliyeteremka kutoka milimani kwa ajili ya mjukuu wake alisahau kwamba ni mchezo. "We mtoto!" alisema kwa sauti. "Nani kakupa ndiva? Kuna zamu pale!"

"Hakuna zamu, bibi," mlinzi alimjibu, jambo ambalo halikuwa kwenye daftari. "Kaa nyuma na wewe."

"Sikai!"

"Bibi hakai!" alipiga kelele mwenye pengo, ambaye alikuwa jirani wa kwanza, na majirani wote wakakaa chini mapema kuliko tulivyofanya mazoezi, hata wale ambao walikuwa hawajafika mferejini. Msichana wa maharage alilia vizuri sana. Maji yakamwagika. Mlinzi alisimama katikati na filimbi mdomoni, akitutazama, na alichukua muda wake wote kabla ya kusema maneno ya mwisho. Mwalimu alimnong'oneza mara mbili. Hakuharakishwa.

"Haya," alisema hatimaye. "Zamu irudi."

Jumatano iliyofuata mwalimu alinipigia simu kusema amelazimika kuichukua ile filimbi. Mwanangu alikuwa akisimamia mstari wa uji, na watoto walianza kumwita Mlinzi na kumtii kuliko wanavyomtii mwalimu. "Lakini yeye anakaa wapi?" nilimuuliza. "Leo wa nne," alisema. "Jana alikuwa wa kumi na moja. Wanapokezana, nimewahesabu. Mtoto wa Mpare huyo, fundi, kesho atafungua kesi ya makapi." Nilimwambia akifungua, tutahitaji shahidi Mchaga, kama bei yake si kubwa.

Satini nyeusi niliifumua. Yule dereva wa lori aliporudi kuagiza jaketi niliitumia kuwa bitana, akailipia bei kamili, kwa hiyo hapo sikupoteza. Filimbi ipo kwa mwalimu, sare ipo nyumbani.

Poda aliitoa mwenyewe. Karibu na duka langu kuna vijana wanaocheza keram, na kila mara ubao wao unakosa poda kete zikagoma kuteleza. Alitoka na kopo alasiri moja, akaliweka kwenye kona ya ubao.

"Mlinzi, huihitaji?" mmoja alimuuliza.

"Hapana. Kete zenu ndizo zinazoihitaji."

Walimwagia ubao wote ukawa mweupe. Mke wangu alinidai kopo jingine la kumpelekea jirani, nami nikalinunua siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo hasara yote ya jambo hili: shilingi elfu mbili.